Mji Usio na Pwani: Matembezi Katika Lubumbashi

Wasomaji wetu wa pwani wamezoea kuona mji ukiuelekeza uso wake baharini. Mombasa na Unguja ilikua pale majahazi yalipotia nanga, na hata leo mgeni huonyeshwa kwanza majengo yanayotazama maji. Lubumbashi si hivyo. Mji huu umekaa juu ya nyanda za Katanga, yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hata pwani iliyo karibu ni mwendo wa zaidi ya kilometa elfu moja. Bandari yake ni stesheni ya gari-moshi. Reli ilifika mwaka 1910 ikitoka kusini, na mwaka huo huo mji ukaanzishwa kwa jina la Elisabethville, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Jina la leo, ambalo ni jina la mto wake, mji ulipewa mwaka 1966.

Tukitoka stesheni, twaona njia zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Wenye amri wa zamani walipenda utaratibu, na utaratibu wao ulikuwa wa kutenga. Wazungu walikaa katikati ya mji. Waafrika waliwekwa ng'ambo ya ukanda mtupu wa ardhi, katika mtaa uitwao sasa Kamalondo. Walisema ukanda ule ni kwa ajili ya afya, ili mbu wa malaria asiruke kutoka nyumba hata nyumba. Lakini kila mtu alifahamu kwamba si mbu peke yake aliyezuiwa. Wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière walikuwa na kambi zao. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilijengwa kando ya mto, kikaanza kazi mwaka 1911. Hivyo mto uliozaa jina la mji ukawa ua wa nyuma, mahali pa moshi na takataka za tanuru.

Baada ya vita kuu ya pili shaba ilileta fedha nyingi, na wajenzi wakaja na fikira mpya. Nyumba za ghorofa zikainuka, maduka chini na makao ya watu juu. Mashuhuri kuliko yote ni kazi ya Claude Strebelle, msanifu kutoka Ubelgiji, pamoja na wenzake wa kundi lililoitwa Yenga. Kati ya mwaka 1953 na 1956 walijenga mahali pamoja ukumbi wa michezo ya kuigiza na shule ya muziki, na jumba la makumbusho likawa sehemu ya mpango huo huo. Fikira yao ilikuwa nzuri: yule anayekuja kusikiliza, yule anayekuja kujifunza na yule anayekuja kutazama kazi za wahenga, wote wakutane katika uwanja mmoja. Strebelle aliporudi kwao aliendelea na fikira hiyo. Alisimamia ramani ya chuo kikuu cha Sart Tilman, na baadaye akatengeneza upya uwanja wa Saint-Lambert katika mji wa Liège, ambao ulikuwa umebomolewa na kuachwa wazi kwa miaka mingi.

Hata hivyo, jengo jema halitoshi kuuponya mji. Ukumbi ule ulijengwa kwanza kwa ajili ya Wazungu, na kuta zake mpya zilisimama ndani ya kanuni ile ile ya kutenga. Ilipofika miaka ya 1960 hadi 1963, Katanga ilipojitenga na Kongo, wabunge wa Katanga walikaa humo. Leo laitwa Jengo la 30 Juni, siku ya uhuru wa nchi. Basi jengo moja limetumikia michezo, siasa na kumbukumbu ya uhuru. Limedumu kwa sababu watu hawakuacha kulipa kazi.

Juu ya jambo hili Unguja yatufundisha vema, kwa mfano mzuri na kwa mfano wa kuhuzunisha. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na shirika la Aga Khan, ikafunguliwa mwaka 2009. Mchana watoto hucheza, jioni wachomaji wa samaki huwasha makaa yao, na hakuna aulizwaye ni nani. Lakini hatua chache kutoka hapo, Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 lilipokuwa likikarabatiwa, na watu wawili wakafa. Nyumba iliyoachwa muda mrefu hudai deni lake siku moja.

Turudi sasa kando ya mto Lubumbashi. Tanuru lilizimwa katika miaka ya 1990. Bomba refu la moshi, lipatalo mita 150, na mlima mweusi wa takataka za shaba vimebaki kuwa alama ya mji. Wachoraji huvichora, na mpiga picha Sammy Baloji ameyaonyesha magofu ya viwanda hivyo katika nchi za mbali. Yeye na wenzake wa kundi la Picha walianzisha mwaka 2008 maonyesho ya sanaa yafanyikayo mjini kila baada ya muda. Ni rahisi, basi, kuota ndoto ya maduka, makao, shule na bustani kando ya maji, kama miji mingine ilivyofanya katika bandari zake za kale.

Sisi twaipenda ndoto hiyo, lakini twaona yafaa ipangwe kwa zamu. Kwanza udongo na maji. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno miilini mwao. Kupanda maua juu ya sumu ni kudanganya macho. Pili, wenyeji. Mama anayeuza mboga kando ya njia asifukuzwe ili mahali paitwe pazuri; akiondolewa yeye, ukanda wa kutenga umerudi, ingawa sasa haupimwi kwa rangi bali kwa fedha. Tatu, matunzo. Kabla ya kujenga jipya, na yatunzwe yaliyopo.

Wazazi mkaao Lubumbashi, au mpitao huko, wapelekeni watoto makumbusho, kisha wazungusheni nje waone ukumbi na uwanja. Wafundisheni kuuliza mbele ya kila jengo jipya: nani ataingia mlango huu, atakuja kufanya nini, na nani ataliezeka upya paa lake likivuja? Mtoto ajuaye kuuliza hayo, siku moja ataweza kupewa mji autunze.