Mkono wa Sacagawea

Kibuta, asubuhi. Daladala niliyoipanda Gongo la Mboto iliishia Kisarawe mjini, nikamalizia kwa bodaboda. Vumbi limeingia hadi kwenye daftari hili. Tumekaa chini ya mkorosho, mimi na bibi mwenyeji wangu. Anamenya mihogo, mimi namwonyesha kwenye simu picha niliyopiga Portland, Marekani: mwanamke wa shaba, mtoto mgongoni, mkono kaunyoosha mbele.

"Nani huyu, mjukuu wangu?"

Namwambia ni Sacagawea, Mshoshone, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani. Alitekwa akiwa binti mdogo, akaishia kuwa mke wa Charbonneau, mfanyabiashara wa ngozi. Mwaka 1805 akafuatana na msafara wa wapelelezi Wamarekani Lewis na Clark, kichanga mgongoni. Watu humsifu kwa kuonyesha njia, lakini kazi yake kubwa ilikuwa ukalimani. Walipohitaji farasi, alisikia Kishoshone akakigeuza kuwa Kihidatsa, lugha ya waliomteka, mumewe akakipeleka kwenye Kifaransa, na mwenzao mwingine akakifikisha kwenye Kiingereza.

Bibi akacheka. "Midomo mitatu! Neno lilifika zima?"

Lilifika, maana farasi walipatikana. Tena mkuu wa Washoshone, Cameahwait, alikuwa kaka yake.

Sanamu ya Portland ilizinduliwa 1905 kwa fedha zilizochangishwa na wanawake. Ile ya Charlottesville, huko huko Marekani, ilimchuchumaza nyuma ya Lewis na Clark. Iliondolewa 2021, na mimi sikuisikitikia.

Jana nilisimama kwenye Sanamu ya Askari, Dar es Salaam. Hapo zamani palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani; Waingereza wakaiondoa, na 1927 wakamweka askari huyu, bunduki kaielekeza bandarini. Maandishi ni ya Kiingereza na Kiswahili. Wapagazi wametajwa, lakini juu yupo askari peke yake. Kuna aliyekaa akayageuza maneno yale, na jiwe halimtaji. Mwanamke ndiye hayumo kabisa.

Wazaramo wa huku Kisarawe wao walimchonga mwanamke tangu zamani: mwana hiti, mdoli wa mti mwenye vishungi viwili kichwani. Mwali alikaa naye alipowekwa ndani, na sura hiyo hiyo ilichongwa kwenye nguzo za makaburi ya wakubwa. Sasa naona jambo ambalo sikuwahi kulitazama: mwana hiti hana mikono.

"Na huyo wako," bibi akauliza, kisu kimesimama, "walimlipa ngapi?"

Mumewe alipewa dola 500 na senti 33, na baadaye ekari 320 za ardhi. Sacagawea hakupewa hata senti.