Mezani Dadaab: wali, ndizi na miaka 30 ya kungoja

Msomaji, ukisikia Dadaab ikitajwa redioni, aghalabu ni habari za ukame, za usalama au za kambi kufungwa. Ni nadra kuambiwa kwamba huko kuna watu wanaopika, tena wanapika hadi mgeni akasahau alikotoka. Leo basi tuziache taarifa za habari kidogo, tukale.

Safari ni ndefu. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kama kilomita 370. Ukishavuka daraja la mto Tana, kijani unakiacha nyuma yako. Mbele ni mchanga mwekundu, miiba na ngamia wasiojali honi. Dadaab iko kilomita 100 hivi kutoka Garissa, kuelekea mpaka wa Somalia. Usiende kibubusa, kwani mgeni huhitaji kibali kuingia kambini, na hali ya usalama ni lazima aiulizie mapema.

Zamani Dadaab ilikuwa kituo kidogo cha wafugaji. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, watu wakamiminika mpakani. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zikafunguliwa kati ya 1991 na 1992, zote tatu zikikusudiwa watu 90,000. Mwaka wa 2011, njaa ilipoipiga Somalia, idadi ilikaribia nusu milioni. Watu wengi namna hiyo hawawezi kuishi kwa posho peke yake. Soko likazaliwa, na soko nalo likazaa hoteli.

Usitarajie vigae wala vitambaa vya meza. Hoteli ya Hagadera ni miti, mabati na maturubai, kwa sababu kwa miaka mingi wakimbizi hawakuruhusiwa kujenga nyumba za kudumu. Ukiingia, toa salamu kamili: "Asalaam aleikum." Mwenye umri wa baba yako mwite "adeer", yaani ami, mama mtu mzima mwite "eddo", yaani shangazi. Lile neno "warya" ambalo vijana wa Nairobi hulirusha ovyo, liache kwenye basi. Maana yake ni kama "we!", na mtu mzima haitwi hivyo.

Sasa nawa mikono. Asubuhi utaletewa anjera, mkate laini wenye vitundu, mfano wa chapati ya maji lakini uliochachushwa. Huliwa kwa samli na sukari, au kwa suqaar, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa na vitunguu. Chai yake ina iliki, tangawizi na sukari nyingi. Ukitaka isiyo na sukari, sema mapema.

Adhuhuri ni zamu ya wali. Hupikwa kwa mchuzi wa nyama, ukatiwa mdalasini, iliki na bizari, kisha juu yake likawekwa pande la mbuzi au ngamia. Kando ya sahani utakuta ndizi mbivu. Usidhani ni ya kumalizia. Imenye, ikate, uile pamoja na wali, tonge moja la chumvi na utamu. Wengi wetu wa bara hushangaa mara ya kwanza, lakini mara ya pili huiulizia wenyewe.

Pengine utachagua pasta, ambayo Wasomali huiita baasto. Hiyo ni kumbukumbu ya Waitaliano, walioitawala Somalia ya kusini kabla ya uhuru wa 1960. Italia ilikwenda zake, sufuria ikabaki. Uliza pia kama kuna nyirinyiri, vipande vidogo vya nyama vilivyokaushwa, vikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta. Ni chakula cha msafiri, kwani hakihitaji friji na hukaa muda mrefu bila kuharibika. Maziwa ya ngamia nayo huwa na harufu ya moshi, maana vyombo vyake hufukizwa ili maziwa yasiharibike upesi.

Nyingi za hoteli hizi ni mali ya jamaa, na hadithi zao hufanana. Mama alianza na birika la chai na vikombe vichache. Baadaye akaongeza anjera, kisha wali. Aliyezaliwa kambini akakua akiosha sahani, na leo ndiye anayepokea pesa na kuagiza mbuzi. Ukihesabu tangu 1992, baadhi ya jamaa zimepika mahali pamoja zaidi ya miaka 30. Jijini, hoteli ya umri huo tungeiita ya kihistoria.

Kila sahani ina gharama isiyoonekana. Kuni kwanza: miti iliyo karibu ilikwisha, wakimbizi na wenyeji wakaigombania iliyosalia, na katika miaka ya 1990 wanawake wengi walishambuliwa porini wakitafuta kuni. Halafu vyakula vyenyewe. Kwa miaka mingi posho fulani huuzwa ili familia ipate maziwa au nyama. Mwaka wa 2016 sehemu ya msaada ilianza kutolewa kwa njia ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula, mwenye nyumba akaweza kununua dukani chakula anachotaka. Mbuzi ni wa wafugaji wenyeji, hivyo nao hupata. Utafiti wa 2010, uliodhaminiwa na serikali za Kenya, Denmark na Norway, ulikadiria kwamba wenyeji walifaidika kwa takriban dola milioni 14 kwa mwaka.

Hata hivyo, mwenye hoteli huyu akitaka kwenda Nairobi kununua jiko, huhitaji kibali cha kusafiri. Ardhi aliyojenga si yake. Mwaka wa 2016 serikali ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema uamuzi huo unakiuka Katiba. Mwaka wa 2021 tangazo likarudi. Kila tangazo humwachia mpishi swali zito: nikarabati paa, au niuze sufuria?

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua mlango kidogo kwa wanaotaka kufanya kazi, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe miji ya wakimbizi na wenyeji. Lakini 2025 hiyo hiyo posho ilipunguzwa kwa uhaba wa fedha za wafadhili. Posho ikipungua, mteja hupungua, na anayekaa mezani huagiza chai tupu. Mpango unaweza kuandikwa vizuri ofisini. Kijana wa hoteli ataupima kwa jambo moja: je, ataweza kuwaandikia watoto wake mahali hapa kuwa pao?

Kama Dadaab ni mbali kwako, Jumapili moja wachukue watoto mwende Eastleigh, ambako mapishi ni yale yale. Waagizieni wali, ndizi isikose. Na watakapouliza chakula hiki kimetoka wapi, msiishie kusema "Somalia". Waambieni pia kuhusu Hagadera, Ifo na Dagahaley, ambako watoto wa rika lao, waliozaliwa katika ardhi ya Kenya, sasa hivi wanaosha sahani za hoteli ya mama yao.