Swali la dogo wa Ngombezi

Najua nimeadimika humu ndani, lawama zenu nimezipata zote. Nilikuwa TP, nimerudi chuo wiki iliyopita nikakuta bumu halijaingia na madesa yamejaa mezani. Lakini leo silii njaa. Leo nataka kutua mzigo mwingine.

TP nilifanyia nyumbani, Ngombezi. Kwa msiopajua, ni Korogwe, mkonge kulia mkonge kushoto. Nilipewa kemia kidato cha tatu. Basi bwana, siku hiyo nafundisha kaboni, nimeshawaambia kwamba kinywe, yaani grafaiti, ndiyo inayokaa kwenye ncha hasi ya betri ya simu, najiona profesa kabisa. Dogo mmoja wa nyuma, ambaye jioni humsaidia mjomba wake kutengeneza simu, akanyoosha mkono. Akaanza na Kiingereza, kikamkatikia njiani.

"Samahani madam, niulize kwa Kiswahili. Silikoni si ipo kundi moja na kaboni? Na mchanga si una silikoni, na umejaa mto Pangani? Kwa nini wasitengenezee betri?"

Mie jibu sikuwa nalo. Badala ya kusema sijui, nikasema: "Silikoni haifai kwa betri. Na hilo halipo kwenye silabasi, kaa chini." Darasa zima likacheka. Akakaa. Wiki tatu zilizobaki hakunyoosha mkono tena.

Juzi usiku usingizi ukanigomea, nikaamua kulitafuta lile swali. Jamani! Kumbe dogo aliuliza kitu ambacho wanasayansi wamekikalia kwa miaka mingi. Silikoni inafaa, tena sana. Gramu moja ya kinywe inabeba chaji ya kama miliampia-saa 370. Gramu moja ya silikoni inaweza kufika 3,600 hivi. Karibu mara kumi!

Shida yake ni moja: inavimba. Ukichaji simu, lithiamu inaingia kwenye ncha hasi. Kinywe kikiipokea kinatanuka kama asilimia 10 tu. Silikoni inatanuka mpaka karibu mara nne ya ukubwa wake, halafu simu ikitumika inasinyaa tena. Chaji ya leo, chaji ya kesho, vumba sinyaa, vumba sinyaa, mwisho inapasuka vipande, na kipande kilichoachana na wenzake umeme hakikifikii tena. Halafu kuna kale kangozi kembamba kanakojijenga juu yake kutokana na maji ya betri. Kila ikivimba kanachanika, kanajengwa kapya, na kila kanapojengwa kanakula lithiamu. Ndiyo maana betri ya silikoni tupu ilikuwa inaanza kwa mbwembwe na kufa mapema.

Sasa wamefanyaje ili idumu? Kwanza, wameisaga iwe ndogo sana. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba chembe iliyo chini ya nanomita 150 hivi inavimba bila kupasuka. Pili, wameiachia nafasi. Mwaka 2014 kundi la Yi Cui pale Stanford lilipanga chembe za silikoni kama punje za komamanga, kila moja ndani ya ganda la kaboni lenye uwazi, ivimbe humo humo bila kuchana kile kingozi cha nje. Baada ya kuchaji mara 1,000 ilibaki na asilimia 97 ya uwezo wake. Tatu ni gundi. Mwaka 2011 ilionekana kwamba gundi ya mwani wa kahawia inaishikilia silikoni vizuri kuliko ile ya kawaida. Nyingine inayotumika inatengenezwa kwa selulosi, na selulosi ndiyo sehemu kubwa ya uzi wa mkonge. Hapo nikacheka peke yangu. Fundi wa jasi anachanganya nyuzi za katani ili ubao usipasuke, na dogo yule anapita katikati ya mkonge kila asubuhi akija shule!

Kuna kingine. Mwaka 2013 watafiti wa Korea Kusini walitoa silikoni ya betri kwenye maganda ya mpunga, maana yana silika ambayo tayari ina vitundu vidogo vidogo, na vile vitundu ndiyo nafasi ya kuvimbia. Maganda hayo hayo sisi Korogwe tunayaona marundo kwa marundo kwenye mashine za kukoboa.

Na siyo mambo ya maabara tu. Mwaka 2023 kampuni ya Honor ya China ilitoa simu yenye betri ya silikoni iliyochanganywa na kaboni, na kampuni nyingine zikafuata. Kinywe hakijatupwa, wanachanganya, kimoja kinabeba chaji na kingine kinatuliza uvimbe. Kwa hiyo simu ya namna hiyo inaweza kufika mezani kwa mjomba wake siku yoyote, na dogo ataifungua huku akiamini silikoni haifai, kwa sababu madam alisema.

Hilo ndilo linaloniuma. Tunasomea ualimu, tunafaulu saikolojia ya elimu, halafu swali moja tu la Kiswahili linatufanya tufoke ili tusionekane hatujui.

Nimeshaongea na mwalimu aliyekuwa ananisimamia pale shuleni. Amekubali nipewe dakika 20 nikirudi likizo. Nitabeba andazi lililopasuka juu na bonge la jasi lenye katani. Nitaanza kwa kusema mbele ya darasa lile lile kwamba nilikosea, na aliyeuliza alikuwa sahihi. Halafu nitamwachia chaki yeye.

Kama kuna mdau wa kemia humu ameona nimechapia popote, aniambie kabla sijapanda basi. Safari hii sitaki kudanganya mtu. Tuko pamoja.