Kutoka Nyangwe kwenda Kasongo: lori lililozimika mara nne

Juma hili tunawapeleka safari, juu ya magunia, tangu Nyangwe mpaka Kasongo.

Nyangwe iko ukingoni mwa Lualaba, na soko lake ni la zamani. Livingstone alilikuta limejaa wanawake mwaka wa 1871. Tarehe 15 Julai mwaka ule watu wa wafanyabiashara wa watumwa walilipiga bunduki. Mamia walikufa, wengine kwa kuzama mtoni, na wengi wao walikuwa wanawake. Lakini Cameron alipopita mwaka wa 1874, wamama walikuwa wamerudi kuuza. Sisi tunapanga vikapu vyetu nyuma yao.

Siku ile tulipakia samaki wa kukausha, mchele na bidoni za mafuta ya mawese. Lori lilikuwa zee. Lilitembea kama nusu saa, motere ikadhoofika, ikazima. Shofa akafungua tangi, akachungulia: mazutu ipo. Akapiga moto, likawaka. Nusu saa tena, likazima. Mara ya tatu, vilevile.

Mara ya nne akasema pampu imekufa, abiria tuchange pesa. Wamama wakaanza kufungua mafundo ya vitenge. Pesa ile ilikuwa ya karo ya watoto.

Ndipo mama mmoja, muuza mawese, akauliza: “Baba, mbona kila ukifungua tangi linawaka?” Tukatazama. Kifuniko kilikuwa kimepotea, na mdomo wa tangi ulifungwa kwa nailoni na mpira, mvua isiingie. Shofa alipolegeza ule mpira, tangi likavuta hewa kwa sauti. “Ni kama bidoni yangu,” akasema mama. “Usipoitoboa juu, mafuta yanakataa kutoka.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mazutu ikipungua, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, pampu inavuta bure na motere inakufa njaa. Shofa akaweka kitambaa safi, akakifunga bila kukaza. Akalegeza skrubu ya filtri, akapampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha, akaikaza tena. Hatukuzimika tena mpaka Kasongo, na fundo la karo halikufunguliwa.

Basi, wamama, tukikodi lori kwa mali ya kikundi, tuulize haya kabla ya kuchanga:

Je, linazima baada ya muda uleule? Fungueni tangi, sikilizeni kama linavuta hewa.

Je, linadhoofika kwenye mlima? Huenda filtri imejaa uchafu.

Je, mazutu ilinunuliwa kwa bidoni wakati wa mvua? Tieni kidogo katika chupa nyeupe, ngojeni. Maji yatashuka chini. Mazutu ichujwe kabla ya kuingia tangini.

Je, motere imechemka? Ipoe kwanza, radiateri ya moto inaunguza uso. Na watoto wakae mbali, wala mtu asivute mazutu kwa mdomo.

Sisi si mafundi, na ufundi tunauheshimu. Pampu hufa kweli siku nyingine. Lakini darasani tunawaambia watoto: tazama kwanza, kisha jibu. Mama yule hakusoma motere. Alitazama, akakumbuka bidoni yake.

Mbaki salama mpaka juma lijalo.