TV Uani, Binti Yetu Apite Wapi?

Dada zangu, upo ugomvi wa ndoa usio na mwanamke wa nje, usio na pombe wala mshahara uliopotelea njiani. Una TV, ukuta na matundu manne ya skrubu. Ukisimuliwa unaweza kucheka. Mwenzenu niliuishi hapa hapa Mpanda mwaka 2025, na sikuona cha kuchekesha, maana ndani yake alikuwemo binti yangu wa miaka 13.

Nianze na mwenye TV. Mume wangu ana mashine ya kukoboa mpunga. Ni mchapakazi, hanywi, hagombani na mtu. Ila mpira, jamani! Ni Simba wa kutupwa, na Ulaya nako ana timu yake. Sasa mechi kubwa za Ligi ya Mabingwa Ulaya kwa saa zetu huanza saa 4 usiku, na wenzetu wakirudisha saa zao nyuma kwa ajili ya majira ya baridi, zinaanza saa 5. Ongeza dakika 90, mapumziko, ubishi wa mlangoni pa kibanda umiza, halafu bodaboda ya kurudi. Nilikuwa namfungulia mlango saa 7 usiku, siku nyingine saa 8.

Mwanamke anayelala peke yake mpaka saa hizo anawaza mengi, tusidanganyane. Simu yake haikuwa na kitu. Nguo zake hazikunukia manukato ya mtu, zilinuka jasho la wanaume hamsini ndani ya banda la mabati. Hata hivyo nilichoka kuwa mlinzi wa zamu ndani ya nyumba yangu. Nikamwambia, "Baba, mpira huo si uangalie nyumbani?" Akatabasamu kama mtoto aliyeahidiwa baiskeli. Mwezi Machi ikaingia runinga ya inchi 43.

Kwa nini nje?

Mtaniuliza, kwa nini isikae sebuleni kama kwa watu wengine? Sebule yetu ikishaingia makochi na meza, mtu wa sita anakaa sakafuni. Na miezi ya joto, bati likishapigwa jua kutwa nzima, ndani hakukaliki mpaka usiku uingie.

Halafu mgeni wetu sisi Waswahili tangu zamani hupokelewa nje. Nenda Mji Mkongwe, Zanzibar, utaziona baraza za mawe zimejengwa pamoja na nyumba, ili mgeni akae, azungumze, anywe kahawa yake, bila kuingia waliko wenye nyumba. Hata TV yenyewe wengi wetu tuliijulia nje. Tanzania Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Watoto wa wakati ule tuliangalia tukiwa tumening'inia dirishani kwa jirani. Kwa hiyo wazo la kuiweka nje halikuwa baya. Kazi ikabaki moja: kuchagua ukuta.

Ukuta wa fundi

Nyumba yetu ina kuta mbili zinazofaa. Mbele kuna baraza inayotazama barabara, upande wa magharibi. Hapo ndipo ilipo cherehani yangu, maana mimi ni fundi nguo na wateja wangu wanaingilia hapo. Nyuma ni uani, panatazama mashariki. Kuna jiko, bomba, bafu na choo.

Fundi alipofika hakuchukua hata dakika kumi. Mpanda tuko mbali magharibi, na jua letu linazama kama nusu saa baada ya jua la Dar es Salaam, ingawa saa zetu ni zile zile. Kwa hiyo saa 11 jioni, muda ambao mechi nyingi za Jumamosi za Uingereza huanza, huku jua bado kali na linaipiga baraza ya mbele usoni. TV za ndani hazikutengenezwa kushindana na jua. Kioo kinageuka cha kujitazamia, na vitabu vya TV nyingi za aina hiyo vinaonya zisitumike kwenye joto linalozidi nyuzi 40. Uani ni kivuli tangu mchana, paa limetoka mita moja na nusu, na ukuta wa uzio unazuia macho ya wezi. "Hapa ndipo penyewe, mama," akasema.

Na kazi yake ilikuwa bomba, sina cha kumlaumu. Aligonga ukuta, akasikiliza, akatuambia ripu si ukuta, kwa hiyo urefu wa skrubu uhesabiwe kuanzia kwenye tofali. Alitoboa katikati ya tofali, si kwenye udongo wa maungio, akaingiza vile vidude vya plastiki vinavyoibana skrubu, akanyoosha breketi kwa pima maji. TV yenyewe ni kilo 10 hivi, lakini kabla ya kuipandisha fundi aliivuta breketi kwa uzito wa mwili wake. Katikati ya kioo akapaweka sawa na macho ya mtu aliyekaa. Waya akauteremsha chini kidogo kabla ya kuupandisha kwenye soketi, ili tone la mvua lidondoke pale chini badala ya kufuata waya hadi kwenye umeme. Stablaiza hakusahau. Sisi tuliokulia kwenye umeme wa majenereta ya dizeli, miaka yote ile Mpanda ikiwa mbali na gridi ya Taifa, tunajua umeme ukirudi kwa kishindo unaondoka na vitu.

Mume nyumbani, na wenzake

Wiki za kwanza raha tupu. Mume yupo, namsikia akicheka. Wakaja rafiki zake wawili, wakawa watano, wakafika wanane. Mimi nachemsha chai, nakaanga karanga. Majirani wakanisifu, eti nimemrudisha mume nyumbani.

Jumatano moja mwanzoni mwa Mei, usiku, niliingia chumba cha watoto nikamkuta binti yangu amekaa kitandani, magoti ameyabana.

"Mbona hulali?"

"Nasubiri mpira uishe."

"Tangu lini wewe unapenda mpira?"

Akainamisha kichwa. "Mama, nikitoka kwenda chooni wanageuka wote."

Nilihisi baridi tumboni. Mtoto yuko darasa la saba, mwaka wa mtihani, amevunja ungo juzi juzi tu, na kufika chooni lazima apite mbele ya wanaume wanane akiwa na kanga na ndoo ya maji. Kumbe alikuwa anajizuia tangu wageni walipoanza kuja. Siku nyingine hanywi maji kuanzia jioni.

Sikwenda kumwita mume wangu mbele ya wenzake. Asubuhi, nikimmiminia chai, nikamweleza. Akawaka. "Wale ni watu wazima, wana watoto wao! Nani kati yao atamgusa mtoto wangu?"

"Sijasema watamgusa, Baba. Nimesema hawezi kupita."

Akasukuma kikombe, akaondoka. Siku tatu tukawa tunasalimiana kama wapangaji.

Tarehe 25 Mei Simba walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane pale Amaan, Zanzibar. Uani kwetu walijaa watu zaidi ya 20. Mchezo ukaisha 1-1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1, na wanaume wakabaki wameduwaa kwenye viti vyangu mpaka usiku. Binti yangu nilimpeleka kuoga kwa jirani. Hebu fikiria, mtoto ana bafu kwao, anakwenda kuoga kwa watu.

Kigoda cha bibi

Aliyemaliza ubishi ni mama mkwe. Anaishi nasi, na dirisha lake linatazama uani, kwa hiyo kila bao lililofungwa Ulaya lilikuwa linamwamsha. Hajawahi kulalamika hata siku moja.

Jumamosi ya tarehe 31 Mei ilikuwa fainali ya Ulaya, PSG na Inter Milan. Saa 4 usiku mpira ukaanza. Mama mkwe akatoka chumbani na kigoda na tochi yake, akapita katikati ya wanaume bila haraka, akakiweka kigoda kando ya mlango wa choo, akakaa. Kisha akamwita mjukuu wake. Mtoto akapita, akaingia, akatoka, akarudi ndani. Bibi akabaki pale pale, tochi mapajani, mpaka PSG wakafunga bao la tano.

Hakusema neno, na hakuna mwanaume aliyegeuka. Wawili waliaga kabla ya kipenga cha mwisho. Mume wangu aliangalia chini muda mrefu kuliko alivyoangalia kioo. Maneno yangu alikuwa ameweza kuyajibu, lakini mama yake mzazi kulinda mlango wa choo saa 5 usiku, ndani ya nyumba aliyoijenga yeye, hakuwa na jibu.

Asubuhi akanifuata jikoni. "Mama watoto, tuihamishe."

Masharti ya baraza ya mbele

Tukakaa, safari hii wote watatu, mama mkwe akiwemo. Baraza ya mbele ina jua na ina kazi yangu, na kazi yangu ndiyo inayolipa ada. Kwa hiyo tukakubaliana: mchana ukuta wangu, usiku wake. Fundi akarudi na breketi ya mkono unaokunjwa, akafunga skrubu ndefu zaidi, kwa sababu mkono ukinyooshwa uzito unavuta ukuta kuliko TV iliyolala ubapa. TV inatundikwa jua likishazama. Mechi za saa 11 jioni anaangalia sebuleni na anayetosha.

Wageni wanaondoka kabla ya saa 4 usiku. Zile za Ulaya za usiku mkubwa anaangalia ndani, sauti chini. Mara moja moja bado anakwenda kibanda umiza. Ananiaga, nami nalala.

Na kwa sababu barabarani kuna mikono mirefu, TV haikeshi nje. Kila usiku tunaishusha wawili, yeye huku, mimi kule, tunaipitisha mlangoni ubavu ubavu.

Gharama? Watu wanaogopa LUKU, lakini TV kama yetu inakula wati 80 hivi. Ikiwaka saa tano haifikishi hata nusu uniti. Pesa inaishia kwenye sukari, majani ya chai na karanga! Hilo nalo tulilisema mezani. Sasa kila mgeni anakuja na chochote, hata kilo ya sukari.

Mvua za Novemba zilipoanza tukajifunza mengine. Kumbikumbi wanafuata mwanga wa kioo kama wamealikwa, kwa hiyo siku hiyo haitoki nje. Radi ikianza kunguruma, tunachomoa umeme na waya wa dishi, hata kama ni penalti.

Na tarehe 22 Agosti, Taifa Stars walipocheza robo fainali ya CHAN na Morocco, barazani kwangu walikuja na wanawake. Uani hawakuwahi kuja. Binti yangu alikaa mkekani ubavuni kwa bibi yake, akapiga kelele kuliko baba yake. Tulifungwa 1-0, lakini mtoto alikwenda chooni alipotaka, akarudi, akauliza nani ana mpira.

Mtihani wake alifanya Septemba. Yale matundu manne ya uani hatujayaziba. Tumepigilia misumari, tunatundikia ungo na mabeseni.

Basi dada yangu, kama na wewe mmeo ameanza kuzungumzia TV ya nje, usimkatalie haraka. Mwanaume anayetaka kukaa nyumbani si wa kufukuzwa. Lakini kabla fundi hajaitwa, wekeni viti viwili mbele ya huo ukuta saa 3 usiku, bila TV, mkae saa nzima. Hesabuni nani anapita hapo, amevaa nini, anakwenda wapi, na dirisha la nani liko karibu. Fundi atawaonyesha jua linapoangukia. Anayehitaji kupita hapo usiku mnamjua ninyi wenyewe, na huyo aulizwe kwanza.