Karoti Zenu Ziacheni Nyumbani

Wasee, kila Jumapili wageni wakija kwenye mazizi ya farasi ninapofanya kazi huko Karen, mimi ndiye mtu mbaya. Mtoto ananyoosha karoti, nasema hapana. Mamake ananikata jicho, halafu anamwona Malkia, poni wetu wa kahawia, amevalishwa kikapu mdomoni. "Kwani mnamtesa?"

Hatumtesi. Malkia ni mgonjwa, na ugonjwa wake unapitia mdomoni.

Sisi tuna shida na hii maneno ya unene. Ukirudi ushago umenona, shosho anafurahi, anasema jiji limekukubali. Farasi naye akiwa mviringo, watu wanasema huyo anatunzwa vizuri. Hebu mshike shingo kwa juu. Ikiwa imevimba na ni ngumu kama tairi, hayo ni mafuta, na mara nyingi kwenye damu insulini iko juu kupita kiasi. Madaktari wanaita sindromu ya kimetaboliki. Inafanana kiasi na ile njia ya binadamu kuelekea kisukari, ila farasi ni nadra kufika kwa kisukari chenyewe. Yeye anaumia miguuni.

Ndani ya kwato kuna tishu zinazoshikanisha mfupa na ukuta wa kwato. Insulini ikipanda sana, zinaachia. Mwaka wa 2007 watafiti Australia walichukua poni wazima, wakawapa insulini nyingi mfululizo. Ndani ya saa 72 wote waliopewa walikuwa na laminitisi, miguu yote minne. Poni wazima, manze! Mfupa ukigeuka au kuzama, kila hatua ni uchungu, na kuna wakati kinachobaki ni sindano ya mwisho. Malkia ameshaugua laminitisi mara moja.

Niliacha chuo mwaka wa pili na watu wa kwetu bado wanauliza nasomea nini huko kwa farasi. Nasomea mizani. Malkia ana kilo 300, kwa hivyo anapata karibu kilo 4 na nusu za nyasi kavu kwa siku, yaani asilimia 1.5 ya uzito wake. Napima kwanza, kisha naloweka kwa maji baridi saa nzima. Maji yanageuka rangi ya chai, namwaga: sukari inaenda na maji. Madini pia yanaenda, ndiyo maana anaongezewa ya unga. Molasi, mahindi, pumba, hizo hagusi.

Mtu ataniuliza, si mumnyime tu chakula akonde haraka? Hapana, buda. Poni mnene akikaa njaa, mafuta yanamwagika kwenye damu na ini linaweza kushindwa kazi. Anakonda polepole ama anakufa.

Malishoni anaenda alfajiri, akiwa na kile kikapu chenye tundu dogo. Nyasi zinatengeneza sukari jua likiwaka, kwa hivyo zile za saa kumi jioni, ambazo kwa macho ni sawa kabisa na za asubuhi, ndizo mbaya zaidi kwake.

Halafu mazoezi. Wakati kwato zinauma, farasi hakimbizwi hata kidogo. Anapumzishwa kwenye matandiko laini. Za Malkia zimetulia, vetinari ameruhusu, kwa hivyo mara tatu kwa wiki tunatoka nusu saa kwenye mchanga: anatembea, kisha mchakamchaka mwepesi. Mimi ndiye nachoka kwanza. Misuli ikifanya kazi, mwili unaitumia insulini vizuri zaidi, na hiyo lishe peke yake haimalizi.

Tangu Januari, utepe wa tumbo umepungua sentimita 11. Shingo bado ni ngumu. Mwezi ujao vetinari anarudi kupima insulini, na mwenye Malkia ameshatuambia: kwato zikianza tena, hatamwacha ateseke mara ya pili.