Vumbi la Hosteli

Nilipoanza zamu kwenye idara ya magonjwa ya kuambukiza, mwaka wa nne, nilikuwa na kikohozi cha wiki 3. Nilikiita vumbi la hosteli. Asubuhi nawauliza wagonjwa, "Unakohoa tangu lini? Usiku unatoka jasho?" Usiku nageuza shuka langu lililolowa.

Aliyenikamata si profesa, ni dada wa maabara. Alinipa kikopo: "Daktari, nenda nje penye upepo, ukohoe humo." Mashine ya GeneXpert hutoa majibu kwa kama saa 2. Zile saa 2, jamani! Ikawa TB.

Niliwaogopa wenzangu wa chumbani kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini tuko wanne, na madirisha tunafunga kwa ajili ya mbu. Nikawaambia. Wakapimwa; mmoja naye alikuwa nayo. Alininunia wiki nzima. Sasa tunakumbushana vidonge.

Dawa ni bure, miezi 6; mimi niko wa tano. Wagonjwa bado nawauliza maswali yale yale, ila siku hizi nasubiri jibu. Na wewe mwenye vumbi la hosteli, ukifikisha wiki 2, nenda kapime.